Mwanamke wa Mwezi Ukutani kwa Bwana

Kwa bibi yangu, mke wangu wa kwanza, Mlingotini.

Shikamoo, tena shikamoo. Goti limepoa? Mjukuu wako ni mzima, nimenenepa, na huku Pangani, shamba zima la mkonge, hakuna boi wa mezani anayenishinda kwa kanzu nyeupe. Jumaa ndugu yangu, unayemsomea bibi, usiruke neno.

Bibi, umepata mke mwenza. Ukumbini kwa bwana, Mzungu mwenye shamba, kuna picha ya rangi, kubwa kama mlango, ya mwanamke wa Kizungu wa zamani. Bega wazi, upinde mkononi, mbwa miguuni, na juu ya paji la uso mwezi mwandamo. Nikamuuliza bwana ni nani. "Bibi wa bibi yangu." Sikuamini. Bibi wa mtu gani anawinda bega wazi? Tena nikipita na sahani, macho yananifuata mpaka mlangoni.

Mzee Faraji, mpishi, akaninong'oneza, "Mwezi kichwani, mbwa miguuni? Huyo ana wenyewe, majini hao, mwanangu. Mfukizie."

Basi kila Alhamisi alasiri, bwana akiwa mkongeni, namwekea chetezo cha ubani, kama unavyowafukizia wazee wetu. Alhamisi ya nne bwana akarudi mapema. Moshi tele, uso wa picha umeingia weusi.

"Salumu! Unamroga bibi yangu?"

"Namwamkia tu, bwana. Kwetu wazee hufukiziwa. Kwenu mnawatundika tu?"

Akasema yule si jini, alijivika tu siku ya kuchorwa, akajifanya mungu wa kike wa uwindaji wa hadithi zao za kale. Nikapewa mkate, eti ndio unaotoa masizi kwenye picha, nimfute nao taratibu, bwana kanisimamia. Akaapa nikiwasha ubani tena nifunge mzigo. Bibi, na majivuno niliyoondoka nayo huko, nirudi na kikapu? Nikaacha.

Alhamisi iliyofuata mbwa wa bwana akapotea. Ya pili yake bwana akaanguka na pikipiki. Mimi na Faraji tukaitazama ile picha.

Jana Alhamisi napanga vijiko, bwana huyo, anachechemea, chetezo mkononi, makaa yamekwisha shika. Hakunitazama.

"Salumu, ule ubani unauweka wapi?"

Kama alijivika tu, bibi, bwana anaogopa nini?

Nisalimie baba mdogo fundi mitumbwi, na shangazi wa vitumbua, mwambie huku havijui mtu. Akipatikana wa kuja, mpe ubani mzuri wa Bagamoyo. Wangu bwana anaumaliza.

Ni mimi mumeo, Salumu, ambaye hajafukuzwa.