Ulong Yangu, Puer Yako

Mpenzi wangu, baba wa Rukia,

Asalam aleikum. Barua yako imenifika, na safari hii sikumpa mtu anisomee. Nimeisoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya maneno kama tulivyokuwa tukisoma Kurani chuoni, na penye herufi zako za haraka nimerudia mpaka zikakubali. Neno uliloniuliza ni moja tu. Wakubwa wa huko Uchina wamekwambia kwamba ukitaka unaweza kubaki miaka miwili mingine, utoke fundi kamili wa mashine za kupigia picha mifupa, au umalize mwaka huu urudi na hicho ulichonacho. Ukasema hutawajibu mpaka nikujibu mimi. "Utakalosema wewe ndilo." Nimeilalia barua hiyo chini ya mto siku kadhaa, na kila nikiamka swali nalikuta liko macho kabla yangu.

Nilimwambia Bi Zena, jirani yetu wa chini. Alikuwa anachambua mchele. Hata hakuinua kichwa.

"Mwandikie sisi wazima, hatuna tabu, soma baba. Mtu aliye mbali hatiwi jiwe kifuani."

Ndivyo tulivyofunzwa, na ndivyo nilivyokuandikia barua zote: sisi wazima, hofu ni juu yako. Hata ile wiki Rukia alipochemka homa mpaka macho yakampinduka, niliandika wazima. Leo nataka kuandika vyengine, ila kalamu haijui ianzie wapi. Basi nianze na chai, maana hiyo najua itakuchekesha.

Unaikumbuka siku Dokta Liu, yule daktari wa Kichina wa hospitalini kwenu, alipomaliza muda wake hapa, akakupa kile kifurushi? Ulirudi kutoka hospitali umekikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na kikopo cha bati chenye picha ya milima, na duara moja jeusi, gumu, pana kama mkate wa kumimina, limefungwa karatasi nyembamba yenye maandishi mekundu. Ukasema, "Zawadi ya daktari," ukatoka mbio kuwahi alasiri msikitini. Hukusema ni kitu gani.

Mimi nilikuwa sijatoka arubaini. Rukia mchanga, nguo zake nazifukiza kila jioni. Nikalinusa lile duara. Linanukia udongo, linanukia kasha la bibi lililofunguliwa baada ya masika. Nikajiambia, huu ni udi wa Kichina, hawa watu wanajua adabu, wamesikia kwetu kuna mzazi. Nikavunja kipande kwa mchi wa kinu, nikakitia juu ya makaa ya chetezo, nikatandaza nguo za mtoto, na juu yake kanzu yako ya Ijumaa.

Moshi uliotoka! Bi Zena alipanda ngazi huku anakohoa.

"Mama Rukia, unachoma nini, kambaa za kitanda?"

"Udi wa Uchina, bibi."

"Udi wa kufukuzia mbu huu! Mtoto wa watu utampa mafua."

Ukarudi wewe. Ukasimama mlangoni, ukanusa, ukakitazama chetezo, ukalitazama duara lililomeguka. Halafu ukakaa kizingitini ukacheka mpaka kofia ikakudondoka. "Mke wangu ameichoma chai! Wallahi ameichoma chai!" Na ile kanzu uliivaa vivyo hivyo siku ya Ijumaa, ukasema madaktari wa Kichina wakikupita njiani watakujua kuwa u ndugu yao.

Kesho yake nikataka kurekebisha. Nikachukua kile kikopo cha bati, sasa najua kuwa ni chai, nikaipika kama chai. Maziwa, hiliki, mdalasini, tangawizi ya kuponda, nikaiacha ichemke mpaka ikapanda. Ukainywa yote. Ukapangusa mdomo, ukaniambia kwa upole ule wako unaoniudhi:

"Tamu. Lakini chai yenyewe iko wapi?"

Ndipo ukakaa unifunze, vile ulivyowaona madaktari hao wakifanya saa ya mapumziko, ulipokuwa ukiwabebea madawa na kuwafasiria wagonjwa. Kikopo ni ulong, ukasema. Duara ni puer. Ulitoa vikombe vyetu vya kahawa, vile vidogo visivyo mkono, ukasema vinafaa kuliko vyote. Majani ya ulong yalikuwa yamefinywa vidonge vidonge, mtu angedhani pilipili manga iliyonenepa. Ukayatia kwenye buli, ukamimina maji ya moto, na hapohapo ukayamwaga.

Bi Zena alipiga ukelele. "Unaimwaga? Chai ya watu, na sukari yenyewe siku hizi ya kupanga foleni!"

"Hii haitaki sukari, bibi."

"Haitaki sukari, haitaki maziwa. Inataka nini basi?"

"Inataka kungojwa."

"Kama bwana harusi," akasema, akajifunika mdomo kwa kanga.

Akapewa kikombe chake. Akaonja, akakizungusha, akaonja tena. "Haya maji," akasema, "yameiona chai kwa mbali." Ulicheka wewe, nikacheka mimi, Rukia akaamka.

Lakini mimi ile ulong iliniingia. Sijui kueleza mambo ya vinywa, nitasema nilivyoiona. Harufu yake ilikuwa ya kikuba cha jana, asumini iliyolala kwenye nywele ikaamka asubuhi bado haijachoka. Ukiinywa inapita na uchungu kidogo, unasema basi imekwisha, halafu kooni unakuja utamu ambao hukuutia wewe. Maji ya pili yakawa mazuri kuliko ya kwanza, ya tatu yakawa mazuri kuliko ya pili. Na tulipofunua buli tukakuta vile vidonge vimekuwa majani mazima, makubwa, na vikonyo vyake. Nililitoa moja nikalitandaza kwenye kiganja changu. Nilikuwa sijui kama kitu kinaweza kukunjwa hivyo, kikavushwa bahari, na bado kikumbuke umbo lake.

Wewe ukachagua puer. Umezaliwa Kizimbani, kwenye karafuu, umezowea kukipima kitu kwa pua kabla ya ulimi, na uliponusa ile nyeusi ukasema inakukumbusha magunia. Nyeusi kama kahawa, ila haiumi. Inateleza. Ukila pilau ukaishushia hiyo, tumbo linakaa kimya.

Tangu hapo ikawa desturi yetu ya Ijumaa baada ya chakula. Buli letu la ulong, na buli la Bi Zena lililomeguka mdomo la puer. Ukinifunga macho kwa mtandio wangu mwenyewe, unanipa kikombe: "Hii ipi?" Kana kwamba mtu anaweza kukosea! Nikikosea nilikosea makusudi, ili unipe tena.

"Yako chai ya kwendea harusini," ulikuwa ukinitania. "Yangu chai ya kurudia kazini."

"Yako inanuka ghala."

"Ghala ndilo linalolisha watu, mama."

Siku zile chumba chetu kilikuwa na joto la mikate, mtoto analala kwenye mkeka kati yetu, na mimi sikujua kuwa zile ndizo siku. Ulipoitwa kwenda kusoma, Rukia alikuwa hajaanza kutambaa. Ulinigawia majani yote, hukuchukua hata kipande, ukasema unakokwenda yamejaa. Kweli. Usingebeba mchanga kupeleka pwani ya Paje.

Sasa nikwambie ya sasa.

Ulong siinywi tena. Iko, haijaisha, lakini siinywi. Nimegundua kitu ambacho hukunifunza, labda kwa sababu tulikuwa wawili. Ulong inataka mtu aliyekaa. Ukiisahau kidogo tu inageuka shubiri. Ijumaa iliyopita nilisema leo nitajipa. Nikaosha majani, nikamimina maji, nikakaa kitako kama bibi. Hapo Rukia akaita chini kwenye ngazi, mguu umenasa kwenye ule ubao uliooza. Mpaka nimemtoa, nimempangusa, nimemnyamazisha, nimerudi, chai imekuwa dawa ya tumbo. Niliinywa hivyohivyo, nimesimama, uso umekunjamana, kwa sababu sina moyo wa kumwaga kitu.

Puer haina neno. Nitie, nisahau, nikateke maji bombani, nipande nayo ngazi zote zile, nirudi, iko palepale, nzito zaidi lakini haijakasirika. Basi nimehamia kwako, baba Rukia. Nakunywa chai yako ya kurudia kazini. Asubuhi nikirudi foleni ya mchele, naipata. Alasiri nikishona kofia mpaka matundu ya kitambaa yanaanza kucheza mbele ya macho, naipata. Haina ile furaha. Inanishika mgongo tu, kama mtu anayekusukuma upande ngazi.

Nshachoka. Nimeliandika neno hilo, na sitalifuta. Sijachoka na wewe, wala na mtoto. Nimechoka kuwa mimi peke yangu ninayesikia akikohoa. Nimechoka kusema "wazima".

Katika barua yako umenikumbusha alivyosema Dokta Liu, kwamba puer ikiwekwa miaka inazidi kuwa nzuri, na huko watu huwawekea watoto wao wanapozaliwa. Ukaandika, "Na sisi vivyo hivyo, tukikaa tutazidi." Nilitabasamu niliposoma. Halafu nikaudhika. Mimi si puer, mume wangu. Mimi nikiwekwa kwenye kabati siongezeki utamu. Nazeeka tu.

Na kuna jambo jengine, la mwanao. Kikopo na kile kipande cha duara naviweka juu ya kabati, asifikie. Wiki zile ulipoondoka, kila nikivichukua nilimwambia, "Hivi vya baba, vimetoka Uchina, baba yuko Uchina." Juzi mgeni wa Bi Zena akamuuliza, "Baba yako yuko wapi, mama?" Rukia akamshika mkono, akampandisha ngazi, akamwingiza chumbani, akamwonesha juu ya kabati. "Yupo Uchina," akasema. Mgeni akacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka. Baadaye nikamkuta amevuta kibao, amepanda, anajinyoosha vidole. Nikamuuliza anatafuta nini. Akanyoosha kidole kwenye kikopo.

Jana nikashuka tena kwa Bi Zena. Nikamwambia siwezi kuandika wazima safari hii. Nilidhani atanisuta, maana unamjua ulimi wake. Akasokota upindo wa kanga.

"Marehemu wangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi," akasema. "Aliniuliza kama anavyokuuliza wako. Nikamwandikia sisi wazima, hatuna tabu."

"Ikawaje, bibi?"

"Akaamini."

Nilikuwa najua kuwa mumewe alizikwa hukohuko. Akanitia ndimu mkononi, akanambia, "Panda ukaandike, mwanangu. Na usimwandikie kama mimi."

Basi jibu langu ni hili. Rudi. Malizia huu mwaka ulio nao, chukua karatasi watakayokupa, rudi. Najua mashine ile ungetaka uijue mpaka moyo wake, na najua ukirudi nusu fundi wapo watakaokucheka. Wacheke. Mfupa uliovunjika Unguja utangoja kidogo. Hospitali ilikupeleka ukiwa mbeba dawa, utarudi unajua kuwasha taa ya ile mashine na kuizima, na mengine utayafunzwa na madaktari wao waliopo hapa, ukilala kwako. Na kama siku moja watakuita tena, tutakaa tuzungumze, ana kwa ana, nione uso wako ukisema. Lakini hii ya kuniuliza kwa karatasi, na mimi nijibu kwa karatasi, kisha kila mmoja akalie jibu lake peke yake, hii siiwezi tena.

Sitaki uharakishe ukaharibu mtihani. Sikwambii uje kesho. Nataka tu nijue kuwa hesabu ina mwisho, nipate kumwambia mtoto neno la kweli. Nikijua unakuja nitaweza mengi. Hata ngazi zitapungua.

Nami nitafanya langu. Ule ubao uliooza nitamwita fundi autie mwengine. Nitamzowesha Rukia jina lako, awe analiita, asilionyeshe kidole. Ameanza kusema maneno mengi, na ana hasira zako, akikasirika anageukia ukuta. Utamuona.

Na ukishuka bandarini, nakuomba kitu kimoja. Najua mikono itakuwasha. Usimbebe mara moja. Ana haya, na watu wanaomrukia huwalilia siku nzima. Chuchumaa tu, mbali kidogo, ushughulike na mzigo wako kama humuoni. Mwache akutazame atakavyo. Mimi nitasimama nyuma yake, sitamsukuma. Atakuja mwenyewe.

Uwe katika hifadhi ya Mungu mpaka siku hiyo, na siku hiyo isichelewe.

Mkeo, mama wa Rukia
Kiponda, Unguja