Gitaa la Besi Kwenye Stoo ya Salfa

Mnyambe, Newala
12 Mei 2023

Mwanangu Faidha,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo Safari na kwa watoto. Mimi mzima, isipokuwa masikio. Usinipigie simu tena. Naona jina lako likiwaka tu, unachosema sikipati. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Watu wamepungua hapa nyumbani. Wanapiga hodi, mimi nimewapa mgongo bila kujua, wanakwenda zao wakisema mzee ameingiwa na kiburi. Jumatano sikuzungumza na mtu yeyote. Nikazungumza na mbuzi, naye akaondoka.

Nina ombi. Siku ya arobaini ya mama yako ulichukua gitaa langu la besi, lile la Kijapani nililolipata nikiwa kijana wa bendi. Ulisema unalinusuru na mikono ya watoto. Ahsante. Sasa nirudishie. Mpe Ashiru, kondakta wa basi la Newala, ananijua.

Baba yako

Masasi
30 Mei 2023

Shikamoo baba,

Sisi hatujambo, ila mdogo alikuwa na mafua. Pole sana na masikio.

Gitaa lipo. Nimelifungia stoo na ufunguo ninao mwenyewe. Lakini baba, usinielewe vibaya, kwa masikio hayo gitaa la nini? Na spika yenyewe iliungua zamani. Safari anasema uje ukae nasi, chumba kipo. Huo upweke utakumaliza bure.

Nimempa Ashiru kanzu na sukari akuletee.

Mwanao Faidha

Mnyambe
2 Julai 2023

Faidha,

Marahaba. Kanzu imenienea. Masasi siji, kaburi la mama yako liko huku.

Umeuliza gitaa la nini, na umenichoma. Pale juu pembeni mwa gitaa, rangi ilipobanduka, siku zote mlidhani niliwahi kuliangusha. Ni kidevu changu. Zamani jenereta likizimika katikati ya dansi, nilikuwa naegemeza kidevu kwenye ubao, napiga, na sauti inapanda kwa mfupa mpaka kichwani. Haipiti masikioni kabisa. Dunia nzima imeninyamazia, mwanangu. Hicho ndicho kitu pekee kinachoweza kusema nami.

Lakini stoo gani? Huu ndio msimu wa kupulizia mikorosho. Salfa ya shamba lenu la Lupaso mnaiweka wapi? Unga ule hula chuma. Nijibu upesi.

Baba yako

Masasi
24 Septemba 2023

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa kimya changu. Hatukuumwa. Niliogopa.

Stoo ni hiyo hiyo ya salfa. Ndiyo yenye kufuli imara, na kila kitu cha thamani tunakiweka humo. Barua yako ilipofika nilikimbia kufungua. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka na bati lilivuja masika. Unga wa salfa ulikuwa umejaa mpaka ndani ya begi la gitaa. Nyuzi zilikuwa nyeusi kama masizi, skrubu zimeota kutu. Yoeli, fundi redio, amehangaika nalo miezi miwili. Anasema waya za ndani zimeliwa, na halitatoa sauti kwenye spika yoyote tena.

Kuna jingine. Watoto niliwasingizia. Nililichukua kwa sababu sikuweza kuvumilia kuliona pale ukutani na mama wa kuimba nalo hayupo. Nilijionea huruma mimi, nikakusahau wewe.

Kesho namkabidhi Ashiru, hivyo hivyo lilivyo.

Mwanao Faidha

Mnyambe
3 Oktoba 2023

Mwanangu Faidha,

Marahaba. Limefika, na sina kinyongo.

Kumbe hujui kuwa nyuzi za besi huchemshwa. Kwenye bendi tulikuwa tunazichemsha kila zikichoka. Nimezitia kwenye sufuria ya mama yako. Jirani yangu Sijaona akachungulia, akaona mzee anapika waya, akaita watu. Sijapata wageni wengi hivyo tangu msiba. Nyuzi tatu zimepona, moja imekatika. Spika siihitaji.

Niliegemeza kidevu nikapiga. Nimesikia, Faidha. Nililia kama mtoto.

Kisha nikapiga ule wimbo aliokuwa akiimba mama yako akibangua korosho. Nilipofika pale anapoingia, nikapunguza, nikamwachia nafasi kama zamani. Kimya. Nikarudia, nikamwachia tena. Besi kazi yake ni kumsindikiza mtu, na mimi sina wa kumsindikiza.

Maneno yake unayajua wewe tu sasa. Njoo uimbe. Sitakusikia, lakini nitatazama mdomo wako.

Baba yako

Masasi
9 Oktoba 2023

Shikamoo baba,

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Ubeti wa pili nimeusahau. Ukiona nimefunga mdomo, wewe endelea tu kupiga.

Mlango usiutie komeo. Nikipiga hodi hutasikia.

Mwanao Faidha