Vigae Visivyo na Pembe Mraba

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mama alituambia ulikuwa huwezi hata kuinama kufunga viatu, nami nakuwaza kila ninapofunga vyangu. Sisi huku ni wazima. Mafua yamemwachia Mama, na Bibi anakula vizuri na kugombana vizuri.

Najua mimi si mtu wa maneno mengi, lakini leo univumilie. Nina jambo ambalo likiendelea kukaa ndani litanipasua.

Baba na mwenzake, yule fundi tunayemwita Kasuku, walipata kazi ya kuweka vigae katika zahanati mpya, chumba cha kusubiria wagonjwa. Vigae wanafyatua wenyewe kwa saruji, kwa fremu ya chuma. Basi fremu ilianguka kutoka kwenye mkokoteni, ikapinda, na Kasuku hakugundua. Akafyatua wiki nzima. Kwa kuwa vigae vyote vilipinda namna moja, ukivipanga kimoja juu ya kingine vililingana sawasawa, rundo safi kabisa. Ni Alhamisi, Baba alipoanza kuvitandaza, ndipo alipoona haviungani. Badala ya mraba tulikuwa na pembenne ya ajabu: kila upande na urefu wake, na hakuna hata pembe moja ya nyuzi tisini.

Daktari mwenye zahanati alikuwa amekwisha sema kwamba sakafu isipokuwa tayari Jumamosi jioni, ataleta fundi mwingine. Na vigae vipya visingekauka kwa siku mbili. Unamjua kaka yako. Hakugomba, alichukua nyundo tu.

Mimi nilikuwa nimewapelekea chai. Nilikitazama kigae kimoja, nikakumbuka ukurasa wa kitabu changu cha jiometri: pembe nne za pembenne yoyote, hata iwe mbaya vipi, jumla yake ni nyuzi mia tatu na sitini. Na hizo ndizo nyuzi za duara zima kuzunguka nukta moja.

"Baba, usivivunje kwanza," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Kuna nini?"

"Vinaungana. Ila si kwa kuvipanga vyote vikielekea upande mmoja. Kila cha pili kizungushwe nusu mzunguko."

Kasuku akacheka. "Haya, mwalimu. Na mimi nilidhani kilichopinda ni fremu peke yake."

Nilipiga magoti kwenye vumbi na sare yangu ya shule. Kuakisi, yaani kukipindua kigae kama sura kwenye kioo, kusingefaa, maana upande wa chini ni saruji ghafi. Nikaweka kimoja, nikakizungusha cha pili nusu mzunguko, upande mrefu kwa upande mrefu. Vikakaa. Cha tatu, upande mfupi kwa upande mfupi. Cha nne kilipoingia, pembe nne tofauti, nene na nyembamba, zilikutana mahali pamoja na kupajaza pote. Hata wembe usingepita.

Baba aliweka nyundo chini. Akapitisha kidole kwenye maungio, taratibu, kama anayepapasa mtoto aliyelala.

"Kasuku," akasema, "acha kucheka, koroga saruji."

Walimaliza jana alasiri, kingo za ukutani zikanyooshwa kwa mashine ya kukatia. Daktari alifika mlangoni, akaitazama sakafu.

"Nilitarajia miraba," akasema.

"Miraba iko kila mahali, Daktari," Baba akamjibu, jasho likimtoka.

Daktari alitembea chumba kizima, akainama, akainuka. Kisha akaagiza korido iwe vivyo hivyo.

Hapo ndipo Baba alipokumbuka kwamba Kasuku ameondoka na fremu kwenda kuinyoosha. Shangazi, alikimbia na ndala mguu mmoja. Alimkuta mchomeleaji ameshaibana kwenye jiriwa na nyundo iko juu. Sasa fremu iko chini ya kitanda cha Baba, na hata Mama haruhusiwi kufagia hapo.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa yule mdogo mwenye maswali, na umpe Mjomba shikamoo yangu. Mungu akunyooshee mgongo, na vilivyopinda kwa heri aviache hivyo hivyo.

Wako akupendaye kwa nyuzi zote mia tatu na sitini,

Kimya