Kaka Mahadi Hakufa kwa Risasi ya Kupotea

Gulfton, Houston
Jumapili baada ya alasiri

Dadangu Maimuna,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa Sefu alipokuja huko Mombasa, imemfaa? Sisi huku miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Salma amepata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, anarudi miguu imemvimba lakini halalamiki. Watoto wanakua. Nawasemesha lugha yetu, wananijibu kwa Kiingereza, na yule mdogo ameanza kunisahihisha ninavyotamka. Mimi bado naendesha teksi pale uwanja wa ndege.

Barua hii isome peke yako kwanza. Usimpe mwanao amsomee Mama kama mlivyozoea.

Unamkumbuka Bi Asha, muuza halua, ambaye nyumba yake kule Barawa ilitazamana na ya Kaka Mahadi? Ameletwa Marekani kama mkimbizi yeye na binti yake, wakawekwa Haltom City, upande wa Fort Worth. Niliposikia nikamwambia Salma ni lazima niende nikamwamkie. Nikatia mchele na mafuta kwenye gari nikashika njia.

Nilimkuta amekonda, shingo imebaki mishipa. Nyumbani mwake mna magodoro, sufuria na viti viwili walivyopewa na watu wa kanisa la jirani. Binti alikuwa kazini, kwenye kiwanda cha kufungasha kuku. Akanitilia chai, tukaulizana habari za fulani na fulani, nani yuko hai na nani ametangulia. Kisha nikamwuliza, kama mtu anavyouliza jambo ambalo tayari analijua: "Siku ile aliyopigwa Kaka, walikuwa wakipigana nani na nani?"

Akaweka kikombe chini. "Nani alikwambia walikuwa wakipigana?"

"Ndivyo tulivyopigiwa simu. Risasi ya kupotea."

"Nuri mwanangu, siku ile hapakuwa na vita. Ilipigwa risasi moja, wala haikupotea."

Basi akanieleza, nami nakueleza wewe kama alivyosema.

Wale vijana wenye bunduki walikuwa wameushika mji muda mrefu. Walianza kwa kukataza maulidi, wakaja kukataza muziki wa harusi, halafu wakasema kuzuru makaburi ya wazee wetu ni shirki na lazima yavunjwe. Asubuhi moja wakaja na majembe na sururu, nyuso wamezifunga vitambaa. Watu wakafunga milango. Kaka alikuwa anasomesha watoto Kurani chuoni. Akawaambia waende makwao, akatoka, akaenda kusimama mbele ya kaburi la Babu. Bi Asha alikuwa dirishani, mbali kama kutoka sebuleni kwenu hadi barabarani, na kila neno alilisikia.

Anasema Kaka hakupiga kelele. Aliwaambia, "Hawa mnaotaka kuwafukua ndio waliowafundisha babu zenu Kurani." Mkubwa wao akamwamrisha aondoke. Kaka aliposikia ile sauti akainua kichwa, akamkazia macho.

"Hasani?" akasema. "Wewe si Hasani wa Haji Ismaili? Mimi ndiye niliyekusomesha alifu. Babako anajua kama uko hapa na jembe?"

Wenzake wote wakageuka kumtazama. Bi Asha anasema laiti Kaka angenyamaza wangemsukuma kando tu, kama walivyomfanya imamu wa msikiti wiki iliyotangulia. Lakini alikwisha kulitaja jina, na kitambaa hakikuwa na kazi tena. Hasani akampiga risasi pale pale. Kisha wakayafukua makaburi, lile la Babu likiwa la kwanza.

Kaka alizikwa jioni na wanaume wachache waliothubutu. Hawakuruhusiwa hata kumsomea hitima. Kwenye simu watu wakapatana waseme risasi ya kupotea, maana waliobaki walikuwa bado wanaishi na wale vijana mji mmoja.

Sasa Dada, huyu Haji Ismaili ni nani kwangu, huenda nimewahi kukueleza katika simu lakini kadi zenyewe huisha tukiwa bado tunaamkiana. Kule Barawa alikuwa mshona kofia. Huku anakaa jengo la nyuma yetu, peke yake. Mkewe alifia kambini, na Hasani alibaki kwa wajomba zake. Nilipofika Houston simjui mtu, yeye ndiye aliyenipokea. Alinifundisha njia za mji huu, akanisimamia nikapata leseni. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwadhinia. Ramadhani zote alikuwa akifuturu kwetu. Kisha, baada ya habari za Kaka kutufikia, akaacha kuja. Nilidhani kuna mtu ametia maneno kati yetu. Salma akimpelekea chakula, vyombo vinarudi vimeoshwa na salamu fupi.

Njia nzima kutoka Haltom City nilikuwa nawaza nitakavyomkamata kifuani mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa. Sikungoja Ijumaa. Niliegesha gari nikaenda moja kwa moja kwake. Alifungua mlango, akanitazama usoni, akasema, "Nimesikia ulikwenda kwa Bi Asha. Ingia."

Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Hasani alinipigia simu yeye mwenyewe," akasema. "Aliniambia, Baba, tumeisafisha Barawa. Akanitajia na Mwalimu Mahadi, kama mtu anayetaja kazi aliyoimaliza. Nikamkatia. Sijapokea simu yake tena."

"Na mimi? Mbona hukunambia?"

"Siku ya matanga nilifika mpaka mlangoni kwako. Nikasikia mnasoma Yasini. Nikajiuliza, nitaingia nimpe Nuri mkono gani wa pole? Huu huu uliomlea yule? Nikarudi."

Hakuniomba msamaha, wala mimi sikumpa. Niliondoka bila kuaga.

Haukupita muda mrefu ikaja habari kwamba Hasani naye ameuawa, vitani huko Mogadishu. Majengo yetu haya yamebanana, jambo halifichiki. Msikitini wengine walisema baba wa muuaji hapewi pole. Wengine waliogopa serikali, kwamba atakayeonekana akiingia kwake ataandikwa jina. Mimi sikuwa na nia ya kwenda. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta Salma anapakua pilau kwenye sufuria ya kubeba.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Haji Ismaili. Hana mke, hana mtoto."

"Mtoto wake amemuua kaka yangu, Salma."

"Najua. Kwani nimempikia mtoto?"

Nikaichukua sufuria.

Nilimkuta na wazee wawili tu, wameketi mkekani. Akasogea kunipisha, nikakaa kando yake. Tukasoma Yasini. Imamu alikuwa ametoa udhuru, kwa hiyo dua akaiomba yeye mwenyewe. Alianza na Kaka. Alimtaja jina lake kamili, yeye na baba yetu na babu yetu, akamwombea Mungu amlipe kwa kila herufi aliyoifundisha. Hapo akalia mbele yetu. Mimi nikaitikia amin.

Kisha akamwombea mwanawe. Wale wazee wawili wakaitikia. Mimi kinywa kilikataa kufunguka. Najua alisikia kwamba nimenyamaza, kwa sababu alingoja kidogo kabla ya kujipangusa uso. Tulikula pilau. Niliponyanyuka kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nami nikamwachia mkono wangu.

Dada, mimi naona Mama aambiwe ukweli. Ile risasi ya kupotea imemtesa, kila simu ananiuliza kwa nini Mahadi alitoka nje siku ya vita, kama kwamba alikufa kwa uzembe. Mwambie alitoka kwa sababu alitaka kutoka. Mwambie polepole, mchana, shemeji akiwapo, na umshike.

Nisalimie shemeji yangu, na shangazi anayewakaangia mahamri, na mwanao wa kike aliyeingia sekondari, mwambie mjomba wake anamwombea. Mjane wa Kaka mpe salamu zake peke yake. Kama amekwisha kuujua ukweli na akatuficha kwa woga, mwambie hatumlaumu.

Na jambo moja nakuomba. Mama akiisha kulia akatulia, mweleze habari ya ile dua, halafu mwulize, angekuwa yeye pale mkekani, angeitikia? Nataka jawabu lake, lolote litakalokuwa.

Mdogo wako akupendaye,
Nuri