Mzee Omari, Nyongo Yangu Imetolewa

Shikamoo Mzee Omari,

Ni mimi Ramadhani, uliyenifundisha kushika kisu pale machinjioni Chemba. Najua huwezi kuniitikia marahaba, lakini kuna jambo lazima ulisikie kwangu, kabla wale waongo wa buchani hawajafika huko kukuhadithia. Nimepasuliwa, mzee. Nilikaribia kukufuata. Sikukufuata!

Maumivu yalikuwa yaleyale yako, chini ya mbavu za kulia, kila nikila nyama ya mafuta. Wewe ulikuwa ukisema, "Gesi tu hii, nichemshie tangawizi," nami nachemsha. Miezi mitatu nachemsha, macho yako yanageuka manjano mbele yangu, na mimi nakuamini kwa sababu ulikuwa mkubwa wangu. Mpaka leo inaniuma. Nisamehe.

Mimi nilipimwa mjini Dodoma, wakakuta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Wakanitoboa matundu manne madogo, wakauvuta mfuko nje, kesho yake niko nyumbani. Wenzetu walipokuja kunijulia hali walicheka mpaka basi. "Umepasuliwa au umechomwa na miiba?" Nikaona aibu kulalamika. Mwanaume mzima, mchinja ng'ombe, nilie kwa vidonda vya ukubwa wa punje ya mahindi?

Siku ya nne tumbo likavimba. Bega la kulia linauma, natapika, homa inapanda. Zaituni mke wangu akaniuliza nina nini, nami nikamjibu, wallahi bila kufikiri, "Gesi tu." Akanitazama. "Ndivyo alivyosema Mzee Omari," akasema, akaanza kulia. Hapo nikaogopa hasa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nilishaona kilivyokuumbua wewe. Nikamwambia, "Naumwa, Zaituni. Naumwa sana. Tafuta gari."

Njiani nikamkumbuka yule mbuzi wangu wa kwanza. Uliniambia nyongo itoke na kipande cha ini, isiguswe na ncha ya kisu. Nikaharakisha, ikapasuka, ukanikalisha mbele ya wateja ukanilisha lile ini chungu huku umenikazia macho. Basi nilipofika hospitali nikamshika daktari mkono: "Daktari, mimi mchinjaji. Nyongo imemwagika humu ndani." Hakucheka. Akapima, akakuta ndivyo, inavuja pale walipofunga baada ya kuutoa mfuko. Alisema hutokea mara chache, na kwamba ningekaa nyumbani siku mbili zaidi tungeongea mengine.

Wakaniwekea mrija ubavuni, nyongo ikawa inadondokea kwenye mfuko wa plastiki. Kisha wakanipitishia kamera mdomoni, wakaweka kijimrija ndani ili nyongo ifuate njia yake. Wiki tatu natembea na ule mfuko chini ya kanzu. Nilikonda, suruali zikawa za mtu mwingine. Halafu siku moja mfuko ukawa mkavu. Mkavu kabisa! Nesi alipochomoa mrija nilipiga kelele za furaha, wodi nzima ikageuka.

Sasa nakula ugali na mlenda, nyama kidogo isiyo na mafuta, na usingizi naupata. Mwezi uliopita nilirudi kazini, nikachuna ng'ombe mzima bila kupumzika. Wale wacheshi wa miiba, safari hii nikawacheka mimi.

Lakini nililotaka ulisikie hasa ni hili. Mwanao Shabani naye alianza kuumwa palepale petu, chini ya mbavu. Alinificha, nikamkuta nyuma ya bucha amejikunja, kashika mbavu. Akasema heri afie nyumbani kama baba yake kuliko kupasuliwa. Sikubishana naye. Nilivua shati, nikamshika kidole nikakipitisha kwenye makovu yangu, moja moja, na lile la mrija pia. Akalia, mtoto wa watu. Nikampeleka mjini mwenyewe, nikakaa nje ya mlango mpaka walipomtoa.

Ametoka salama. Leo ni siku ya sita, tumbo laini, homa hakuna. Namkagua kila asubuhi, na akinidanganya namjua.

Pumzika sasa, mzee wangu, Mungu akurehemu. Nakuahidi, wewe nilikuacha ukanificha, mwanao sitamwacha. Hivi ninavyoandika yuko jikoni kwangu, anagombana na Zaituni kwamba chakula kinachelewa.

Kijana wako Ramadhani, mzima.