Kijani cha Mama

Kilwa Masoko

Kwako kaka yangu Mudathiri,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumai u mzima, wifi Hafsa na watoto hawajambo, na duka la Mingoyo linakwenda. Mimi mwili haujambo, roho ndiyo inauma, na usitegemee nikupambie maneno. Hiyo shikamoo nimekupa kwa sababu mama alinilea hivyo.

Unakikumbuka kile kigae chake cha kijani, kipande cha sahani ya kale, alichokiokota ufukweni Kisiwani akiwa mwali? Alipozidiwa alinishika mkono akasema kabla hajafumba macho anataka kuona sahani nzima ya rangi ile, itoke mikononi mwa mwanawe mfinyanzi. Nikamwambia hilo tu, mama? Kumbe sikujua nasema nini.

Nikafinyanga, nikapaka rangi ya kijani, nikaimwagia glezi uliyoniletea, ule unga mweupe unaokorogwa uji ukageuka kioo motoni, nikachoma. Kufungua tanuri, kahawia! Kama tope la Mavuji. Nikadhani nimepaka nyepesi, nikapaka nzito. Kahawia. Nikapunguza moto. Kahawia vilevile. Buluu niliyochora pembeni ilitoka safi, kijani peke yake ndicho kilichokufa. Mwishowe nikachoma kipande nilichokipaka glezi nusu tu. Upande mtupu ulitoka kijani kibichi, upande wa glezi kahawia. Basi, mchawi nikamjua.

Nikampigia Agnes wa Mtama, aliyenifunza kazi hii. Akasema glezi hiyo ina zinki, na zinki na kijani hawaivi chungu kimoja. Siku ileile nikakupigia unitafutie isiyo na zinki. Ulicheka, kaka. Ulisema zinki ni vidonge wanavyopewa watoto wanaoharisha, vitamdhuru nani? Ukasema unga mweupe ni unga mweupe, na nyingine hakuna, si Lindi wala Dar es Salaam. Nikakuamini. Baba hatunaye, nisikuamini wewe nimwamini nani?

Mama nikampelekea ile ya kahawia, maana hali ilikuwa mbaya. Akaigeuzageuza, akaisugua kwa kidole, akasema kweli macho yake yamekwisha, hata kijani sasa anakiona kahawia. Akaniomba radhi kwa kushindwa kuiona kazi yangu. Mama yangu, aniombe radhi mimi! Nikaichukua sahani, nikamfunika shuka. Alasiri ile akakata roho. Nawe ukaja mazikoni ukalia kuliko sisi wote.

Juzi alikuja Klementi, fundi wa ile nyumba ya wageni inayojengwa Lindi. Kazi ya kuchoma vigae vya ukutani imesimama, akaniletea glezi iliyobaki, isiyo na zinki. Nikachoma sahani nyingine kwa udongo uleule na rangi ileile. Wallahi, ukiiweka kando ya kigae cha mama huwezi kuvitofautisha! Nilikaa chini palepale nikalia.

Nikamuuliza Klementi kaipata wapi. Akasema kwako. Ilikuwa imekaa dukani, ukamuuzia wiki ileile niliyokupigia simu. Tena ulimwambia dada yako naye anaitaka, ila yeye anachezea udongo tu, anaweza kungoja.

Ni kweli, mimi naweza kungoja. Mama hakuweza. Amekwenda kaburini akidhani kosa ni la macho yake, na mtu wa kumwambia sivyo hayupo tena.

Arobaini ni Ijumaa ijayo. Njoo, hufukuzwi, nyumba ni ya mama. Watu watakula pilau kwenye masinia kama desturi, ila wewe nitakupakulia peke yako, kwenye ile sahani ya kahawia. Atakayekuuliza hiyo ni rangi gani, mjibu kijani.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Wao hawana kosa. Mungu akufikishe salama.

Wasalaam,
mdogo wako,
Binti