Mama Mkwe Ameanika Siri ya Kliniki Kwenye Kundi la Maombi

Mpendwa Mshauri Mwihaki, tafadhali nisaidie haraka, mimi ni mwandishi wa programu, nimeajiriwa katika ofisi moja katikati ya jiji lakini jioni nikirudi kwangu Dagoretti Corner huwa natunza kitu changu cha kujitolea, sisi huita maktaba ingawa haina vitabu, ni kipande cha programu ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kukichukua bure na kukiweka ndani ya mfumo wake, na waliokichukua zaidi ni kliniki ndogo za Kawangware, Kangemi na Uthiru, wanakitumia kufungua faili za wagonjwa. Wiki jana dada mmoja anaitwa Kavutha, fundi wa mifumo ya kliniki mwenye ofisi River Road, alinipigia akaniambia amegundua tundu, kwamba mtu asiye na ruhusa yoyote anaweza kusoma faili ya mgonjwa kwa (hapa nimekata maneno yako, ndugu yangu – Mwihaki), nikajaribu mwenyewe nikaona ni kweli.

Kiraka nimeshakiandika na kinaziba vizuri. Shida ni kwamba kazi yangu iko wazi kwa dunia nzima, nikitoa kiraka mjanja yeyote ataona nilichobadilisha na kujua tundu lilikuwa wapi, halafu ataziendea kliniki ambazo bado hazijakiweka, ndiyo maana Kavutha akasema, "Boss, hii tunyamaze nayo mpaka Jumatatu, nipitie hizo kliniki niwatayarishe. Usiambie mtu, hata bibi."

Nami nikamwambia bibi. Nilikuwa silali, chakula hakipiti, Ivyne, ndiye mke wangu, akaniuliza nini mbaya nikamweleza yote, naye kwa kunihurumia akamwambia mama yake, na mama yake, ambaye ananipenda kuliko ninavyostahili, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa: "Wapendwa, mshikeni mkwe wangu kwa maombi. Kuna mlango umeachwa wazi kwa kompyuta za kliniki, hata mtu wa nje anaweza soma faili yako aki" (na hapa pia nimekata – Mwihaki). Wakamiminika na amina zao, kisha mmoja akauliza, "Ni kliniki gani hizo, tuziombee kwa jina?" Mama akazitaja.

Mshauri, sisi Waluhya mkwe hampigii mama mkwe simu kumkosoa, hata mkono hatupeani. Ivyne naye amenuna, ananiambia, "Si mama alikuwa anakuombea tu? Sasa amekosea wapi?" Kavutha hajui bado, na akijua hataniamini tena. Nikitoa kiraka leo nawaanika ambao hawajajitayarisha, nikingoja Jumatatu huenda mtu atakuwa ameshaingia. Nifanye nini?

Mkwe Mwenye Hofu, Dagoretti Corner

JIBU

Msomaji, jibu hili nilimsomea mwandishi kwa simu siku ile ile barua ilipofika. Barua yenyewe nikaifungia kabatini. Tunachapisha sasa kwa sababu kliniki ya mwisho imeshaziba tundu lake.

Mkwe Mwenye Hofu, pole sana. Unafanya kazi ya bure kwa ajili ya watu usiowajua, na hakuna aliyekushukuru hadi ilipoharibika. Hiyo inauma. Sasa acha nikugombeze. Mama mkwe wako amelieleza tundu kwa akina mama wa kanisa, na wewe umeliandikia gazeti! Tena umelieleza vizuri kumshinda. Kavutha alikukataza kumwambia bibi, nadhani hakuota kwamba angehitaji kukukataza kuniambia mimi. Kwa hivyo sitaki kusikia lawama juu ya mama. Alipitisha alichopewa.

Unauliza kama ungoje. Ungoje nini? Kunyamaza kulikuwa na maana siri ikiwa ya watu wawili. Maji yakimwagika hayazoleki. Kimya chako leo kinamfaa mwizi peke yake, maana yeye huenda ameshajua na kliniki hawajui.

Tukikata simu hii, mpigie Kavutha kabla hujanywa hata chai. Mwambie kila kitu, pamoja na hilo kundi la maombi. Atawaka, mwache awake, kisha mgawane kliniki. Toa kiraka leo. Kila kliniki ikiweke mara moja, na isiyoweza izime mfumo na kuandika kwa karatasi hadi fundi afike. Halafu mkague kama kuna mgeni aliyeingia. Kama yupo, kliniki waambiwe na wenye faili waambiwe, hata kama aibu ni yako.

Mama mkwe usimguse. Heshima ya ukwe ni nzuri, lakini Ivyne pale si mkwe, ni mtoto. Aende kwao leo, anune akiwa njiani akitaka, amwombe mama ujumbe ule ufutwe. Na mama asieleze kundini kwa nini umefutwa. Ukiwaambia watu wasisome kitu ndio umewaita.

Na ukianza kumwonea haya Kavutha, wafikirie hao akina mama. Wengi wao hutibiwa kliniki hizo hizo. Kuna mambo walimwambia daktari ambayo hata katika maombi hawajawahi kuyataja, na waume zao hawayajui. Hayo ndiyo unayoyashikilia wakati unaniuliza kama ungoje Jumatatu. Mpigie.